Kaseti za nyumbani: simu, kidude cha USB, redio kaseti au fundi?

Kaseti iliyonitia kazini ni C60 ya kawaida, ganda jeusi, lebo imepauka hata maandishi hayasomeki mpaka uiinamishe kwenye mwanga: "Mama, Rajabu." Mwaka hakuna. Ni barua hiyo. Mjomba Rajabu alipokuwa akifanya kazi Maskati, nyanya, ambaye kalamu hakuipenda, alikaa mbele ya redio kaseti nyumbani Mombasa, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuzungumza mpaka upande ukaisha. Kaseti ikafungwa kwenye leso, ikapewa msafiri. Jibu lilikuja vivyo hivyo, likasikilizwa na nyumba nzima pamoja na majirani wawili watatu. Mjomba hakuitupa hata moja. Aliporudi kabisa alizileta ndani ya kopo la biskuti, na zilipochanganywa na zetu zikafika arubaini.

Nyanya hayupo tena, na redio kaseti yake iliuzwa zamani. Nilipotaka kuziingiza hizo kaseti kwenye kompyuta kila niliyemuuliza alinipa jibu lake: weka simu mbele ya spika, nunua kile kidude cha USB, tafuta deki, peleka kwa fundi. Basi nikazijaribu zote nne kwa kaseti ileile moja, upande uleule wa A.

Nitasema mapema ninakoelekea: pesa yako itie kwenye kinachocheza kaseti, usiitie kwenye kinachorekodi. Wengi hufanya kinyume. Kaseti ya kawaida, kutoka sauti yake ya juu kabisa hadi mvumo wa utepe wenyewe, ina nafasi ya desibeli 50 hivi, ukibahatika 60. Kinasa cha biti 16, hata cha bei ya chini, kwa hesabu kina 96. Yaani upande wa kompyuta una nafasi ya kutosha na kubaki. Kinachopotea kinapotea mapema zaidi, pale utepe unapopita kwenye hedi chafu (hedi ni kile kichwa cha mashine kinachosoma utepe), au hedi iliyopinda, au mota inayoyumba, na hakuna programu itakayokirudisha.

Kipimo changu kilikuwa rahisi. Kwenye dakika ya nne nyanya anamweleza Rajabu habari za mvua ya masika na ukuta wa choo ulioanguka, na nyuma yake kuna mtu anakuna nazi. Mbuzi inalia krr, krr, inanyamaza, inaanza tena. Nilitaka kujua ni njia gani itanipa hiyo mbuzi.

| Njia | Mbuzi inasikika? | Upande A ulichukua | Gharama | Taabu |
|---|---|---|---|---|
| Simu mbele ya spika | La | 30:40 | Hakuna | Dakika tano za kupanga |
| Kidude cha USB | Kwa mbali, na imeharakishwa | 28:20 | Ndogo | Kidogo |
| Redio kaseti na kadi ya sauti (kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta) | Ndiyo, na sufuria pia | 30:40 | Ya kati | Jioni mbili za kujifunza |
| Fundi | Imefutwa | 30:38 | Kwa kila kaseti | Kwenda na kurudi |

## Zichambue kwanza

Kaseti haina njia ya mkato. C60 inakula saa nzima, C90 saa moja na nusu, kwa sababu lazima ichezwe yote kwa kasi yake. Arubaini zangu zilikuwa ni kazi ya wiki nzima ya ofisini, bila chai. Kwa hiyo kabla ya kununua hata waya nilizigawa mafungu.

Fungu la kwanza ni sauti za watu wetu: barua, maulidi ya nyumbani, watoto wanaosomeshwa Kurani, na harusi. Hizi nakala nyingine hazina popote duniani. La pili ni za kununua. Nilikuwa na Juma Bhalo na Zein l'Abdin za kutosha, nilipotafuta mtandaoni nikakuta nyingi tayari zipo, tena kutoka nakala safi kuliko yangu iliyonakiliwa mara tatu. Hizo nikaziweka kando. Lakini angalia vizuri: mwimbaji huyohuyo akiwa anaimba kwenye harusi ya shangazi yako na kuwataja watu wa nyumba yenu kwa majina, hiyo ni fungu la kwanza. La tatu ni mawaidha na mihadhara, ambayo ukisikia maneno umeshapata ulichotaka.

Arubaini zikawa kumi na saba. Uchambuzi huo umeniokolea muda kuliko kifaa chochote.

Ukiwa nazo mkononi, vunja vile vijino viwili vya mgongoni mwa ganda kwenye kila kaseti ya fungu la kwanza, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Tazama na kale kasifongo kadogo kenye kitambaa kanakokaa nyuma ya utepe, katikati. Mara nyingi gundi imeachia na kamedondoka, na bila hako sauti inakuja na kuondoka. Kama ganda lina skrubu, utalifungua na kuhamishia utepe kwenye ganda zima la kaseti nyingine. Kama limegandishwa kiwandani, hiyo ni kazi ya subira na kisu chembamba. Ukiona unga mweupe juu ya utepe ulioviringika, huo ni ukungu wa unyevu wetu wa pwani. Usiitie mashineni. Itachafua hedi, na hedi itachafua kaseti zinazofuata.

## Simu mbele ya spika

Funga madirisha, waambie watoto wanyamaze, weka simu juu ya kitambaa mbele ya spika, bonyeza. Nyanya alisikika, na maneno yake yote yalikuwemo.

Lakini kinasa cha simu kimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Mtu akinyamaza, kinapandisha usikivu kutafuta cha kusikia. Akianza kusema, kinaushusha. Kila nyanya alipovuta pumzi mvumo wa utepe ulipanda kama maji kujaa, akisema tena unazama. Na kila sauti ya chini inayojirudia simu huihesabu kuwa kelele na kuiondoa. Mbuzi ilikuwa kelele. Kwa upande mwingine, pikipiki iliyopita chini ya dirisha langu sasa imo kwenye barua ya Rajabu.

Siidharau njia hii. Kama kaseti imeanza kukatika na hujui kama itacheza mara ya pili, rekodi leo kwa ulicho nacho. Zipo programu za kurekodi zinazokuruhusu kuzima hayo marekebisho ya kujiendesha, na tofauti inasikika. Ukitaka kumtumia ndugu kwa WhatsApp, litume faili kama hati, usilicheze na kulirekodi upya kama ujumbe wa sauti, maana huko linabanwa mara nyingine tena.

## Kidude cha USB

Kwa umbo ni Walkman. Kina waya wa kuchomeka kwenye kompyuta, au tundu la flashi pembeni, na karatasi ya maelezo inayokuahidi kuokoa kumbukumbu zako kwa kubonyeza mara moja. Majina ya kampuni ni mengi, lakini nilipokifungua changu na cha rafiki yangu mwenye jina tofauti kwenye boksi, ndani tulikuta karibu kitu kimoja: mota nyepesi, kigurudumu kidogo cha mpira, plastiki.

Nyanya alitoka humo akiwa mwari. Upande ambao kwenye redio kaseti nzuri ulichukua dakika 30 na sekunde 40, hapa uliisha kwa 28 na 20. Utepe wa kaseti unatakiwa kupita mbele ya hedi kwa sentimita 4.76 kila sekunde, tangu Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963, na mashine isiyoishika kasi hiyo inakubadilishia mtu wako. Yangu ilikuwa inakimbia kwa asilimia 8. Kwa mpiga udi hiyo ni zaidi ya nusu toni. Kwa mjukuu, ni sauti ya mtu asiyemjua.

Kasi iliyozidi inarekebishika, na kuna njia moja ya kuijua iliyonifurahisha. Nyanya alirekodi akiwa amechomeka redio ukutani, na umeme wetu una mtetemo wa 50 kwa sekunde. Mtetemo huo ulipenya kidogo kwenye utepe kama mngurumo wa chini. Nikaitazama rekodi kwenye Audacity, pale programu inapochora nguvu za sauti kuanzia za chini hadi za juu, na ule mlima mdogo wa mngurumo haukuwa kwenye 50, ulikuwa kwenye 54. Nikapunguza kasi kwa asilimia 7.6, mlima ukarudi 50, na nyanya akarudi umri wake. Ujanja huu haufanyi kazi kwa kaseti iliyorekodiwa kwa betri, ila ukiwa nao unapata jibu bila kubahatisha.

Kisichorekebishika ni kuyumba. Mota nyepesi haikosei kwa kiasi kimoja. Inaenda mbele kidogo, inarudi nyuma kidogo. Kwenye maneno hutaona sana. Kwenye fidla ya taarab inayovuta noti ndefu, au kwenye adhana, utaona aibu. Aina zile zinazorekodi moja kwa moja kwenye flashi zina kasoro ya pili: zinakupa MP3 iliyokwisha kubanwa, na kila ukitaka kuisafisha unasafisha kitu kilichokwisha punguzwa.

Kwa mawaidha kidude hiki kinatosha, na mimi ndivyo nilivyokitumia baadaye, huku nikifanya kazi nyingine. Usikipe harusi wala nyanya.

## Redio kaseti au deki, na kadi ya sauti

Hapa ndipo nitakaa.

Deki ni ile isiyo na spika, inayochomekwa kwenye amplifaya. Redio kaseti ni ile yenye mkono wa kubebea. Deki nzuri inashinda, hilo halina ubishi, lakini deki iliyolala kabatini miaka ishirini, belti zake zimeyeyuka kuwa lami, ni mzigo mpaka apatikane fundi wa kuzibadilisha. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, walianza kutoa tahadhari kwamba muda wa kuhamisha sauti zilizo kwenye kanda za sumaku unakwisha, na sababu kubwa waliyoitaja ni mashine za kuchezea na vipuri vyake kutoweka. Ukizunguka kwa mafundi wa redio mjini utawaamini mara moja.

Mimi nilipata redio kaseti ya jirani, mzee anayesikiliza nayo habari za asubuhi. Ukienda kununua ya mtumba, beba kaseti usiyoijali, maana mashine inayokula kanda haitoi onyo. Iwe na ala inayovuta noti ndefu, usikilize kama inayumba. Jaribu kupeleka mbele na kurudisha nyuma mpaka mwisho. Fungua mlango utazame kigurudumu cha mpira: kikiwa cheusi kisichong'aa ni kizima, kikimeta kama kiatu kilichopigwa dawa, kimekuwa kigumu na kitateleza.

Kisha safisha. Pamba za masikio na isopropili ya asilimia 90 au zaidi kwa hedi na kile kifimbo cha chuma kinachovuta utepe. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji. Ukikosa nyingine itumie, lakini subiri ikauke kabisa. Mpira wenyewe mimi huufuta kwa maji yenye sabuni kidogo. Pamba ya kwanza itatoka na rangi ya kahawia, ndiyo kutu ya sumaku ya miaka yote. Endelea hadi itoke nyeupe. Kisha ipeleke kaseti mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kuicheza, ili utepe uliogandana ulegee na ujiviringe upya sawasawa.

Sasa skrubu. Kando ya hedi kuna skrubu mbili, na mara nyingi moja ina springi chini yake. Hiyo inabadilisha mwinamo wa hedi. Hedi ikisimama tofauti hata kidogo na ile iliyorekodi, sauti za juu zinakufa, na kila kaseti ilirekodiwa na hedi yake. Nilitia alama ya kalamu mahali skrubu ilipokuwa, nikachukua bisibisi ndogo isiyo ya sumaku, nikavaa hedifoni, nikacheza. "Asalaam alaykum mwanangu Rajabu," kama mtu aliyejifunika leso mdomoni. Nikazungusha robo ya robo kushoto, akazidi kufifia. Nikarudi, nikapita alama, nikaenda kulia kidogo mno, upana wa kucha. "Sisi huku sote salama," na hizo herufi za S zikafunguka moja baada ya nyingine kama mtu anafungua dirisha. Nilizidisha, zikafunga. Nikarudi nusu ya nilikozidisha na kuacha hapo. Nyuma yake mbuzi: krr, krr. Halafu kitu nilichokuwa sijakisikia popote, sufuria inawekwa chini sakafuni na kifuniko kinazunguka mpaka kinatulia.

Nilimwita mama asikilize. Akasikiliza kidogo, akasema: "Huyo anayekuna ni mimi. Na nilikuwa nimenuna, yeye anazungumza na Rajabu, kazi naachiwa mimi."

Kati ya hizi nne, hii ndiyo iliyonirahisishia kugusa skrubu hiyo kwa kila kaseti. Ndiyo maana naichagua hii, kuliko sababu ya ubora wa mashine yenyewe. Ukimaliza irudishe kwenye alama, hasa kama redio ni ya mtu.

Kuunganisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Deki ina matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe, ya kutolea sauti. Redio kaseti isiyo nayo ina tundu la hedifoni: weka sauti kama theluthi hadi nusu, vitufe vya besi na trebo viache katikati. Tundu moja la laptopu usilitumie. Limetengenezwa kwa maikrofoni, linapokea upande mmoja tu na linalemewa upesi. Nunua kadi ya sauti ya nje. Ninayoitumia mimi ni Behringer UCA202, ina matundu mekundu na meupe, inachomekwa kwenye USB na haihitaji chochote kingine. Na kama kuna kompyuta ya mezani ya zamani nyumbani, tazama nyuma yake: tundu la samawati ni la kuingizia sauti, la pande zote mbili, na hapo hununui kitu isipokuwa waya.

Programu ni Audacity, haina malipo, ipo tangu mwaka 2000. Cheza sehemu yenye kelele kuliko zote kwanza, uone kipimo; ncha zifike karibu na desibeli 6 chini ya mwisho, zisiguse nyekundu. Ukigusa nyekundu umekata sauti na haitaungika. Ikivuma, chomoa chaja ya laptopu utumie betri yake. Kwangu mvumo uliisha papo hapo. Redio nayo niliitia mawe, na siku umeme ulipokatika katikati ya upande B nyanya aliendelea kuzungumza kana kwamba hakuna lililotokea.

Asiye na laptopu anaweza kuichomeka kadi hiyohiyo kwenye simu ya Android inayokubali vifaa vya USB, kwa kichwa cha kubadilishia. Inafanya kazi, ila betri ya simu inakwenda mbio na kwa kichwa cha kawaida huwezi kuchaji kwa wakati huohuo. Simu ikitumika hivi ni kitu tofauti kabisa na simu iliyowekwa mbele ya spika. Sauti inaingia kwa waya, na pikipiki zinabaki barabarani.

Neno juu ya Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa utepe. Deki nyingi zina kitufe chake. Kaseti za dukani zenye alama ya herufi D mbili zinazotazamana zilirekodiwa nayo, washa. Za nyumbani zilizorekodiwa kwa redio kaseti ya kawaida hazina, zima. Ukiwasha pasipo haja mvumo utapungua na utafurahi, kumbe umezima na herufi za S.

## Kumpa fundi

Kwa kaseti yenye ukungu, iliyokatika, au iliyoliwa na kukunjamana kama ukanda wa ukili, nenda kwa mtu anayejua, na uwe tayari kulipa. Mimi nilipeleka hiyo ya Rajabu kwa kujaribu, sehemu ambayo sitaitaja kwa kuwa watu wake walikuwa wema. Nilirudishiwa MP3 moja, pande mbili zimeunganishwa, na "tumeisafisha," waliniambia. Walikuwa wameisafisha kweli. Mvumo hakuna, mbuzi hakuna, na nyanya anazungumza akiwa ndani ya mtungi.

Kosa lilikuwa langu pia, sikuuliza. Muulize fundi mambo haya kabla hujamwachia: anacheza kwa mashine gani (wapo wanaotumia kidude kilekile cha USB ulichokiona juu), je, anarekebisha hedi kwa kila kaseti, atakupa WAV (faili la sauti lisilobanwa) isiyoguswa kwanza na iliyosafishwa baadaye, na je, kaseti yenyewe atairudisha. Akikasirishwa na maswali, chukua kopo lako.

Ukiwa na kaseti nne au tano tu na fundi ni mzuri, gharama yake itakuwa chini ya kununua vifaa na kupoteza jioni zako. Zikishafika kumi hesabu inageuka.

## Faili

Rekodi kwa WAV. Saa moja kwa kiwango cha CD, yaani 44.1 kHz na biti 16, ni MB 635 hivi. Kaseti arubaini za C60 zinaingia kwenye flashi ya GB 32. IASA wao hupendekeza isipungue 48 kHz na biti 24, ambayo ni kama GB moja kwa saa. Kama kadi yako inaweza na nafasi ipo, fuata, kama haiwezi usikose usingizi kwa barua iliyorekodiwa na maikrofoni ya redio. FLAC inapunguza ukubwa takriban kwa nusu bila kupoteza chochote. MP3 iwe ya kusambazia ndugu, nayo uitoe kwenye WAV.

Ile WAV ya kwanza usiisafishe. Fanya nakala, uisafishe nakala. Jina la faili liseme ni nani, kaseti ya ngapi, upande gani: nyanya-kwa-rajabu-07-A. Weka kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Na wakalishe wazee wasikilize mapema, uandike ni sauti za nani, maana sauti bila jina baada ya miaka kumi ni ya mtu yeyote.

Kuna jambo la adabu pia. Kaseti zetu kadhaa za harusi zilirekodiwa upande wa wanawake, wakiimba na kutaniana kwa kuwa walijua hakuna mwanamume anayesikia. Mama alizitoa kwenye rundo langu bila kuniuliza, akasema atazisimamia mwenyewe na dada zake. Nilimfundisha Audacity kwa jioni moja. Kabla hujapandisha kitu YouTube, fikiria waliomo, na kwa nyimbo fikiria pia wenye haki zao.

## Chagua hivi

Kama zote ni mawaidha, kidude cha USB, na uwe unaangalia kasi. Kama ni moja tu na ndugu anaisubiri usiku huu, simu. Kama zimeharibika, fundi aliyejibu maswali. Kama ndani ya kopo kuna mtu wako hata mmoja ambaye humpati tena, azima redio kaseti, nunua kadi ya sauti na bisibisi ndogo.

Na redio ya watu usiirudishe kabla hujasikiliza kila faili mpaka mwisho. Mimi niliirudisha siku hiyohiyo ya mwisho, kisha nikagundua kwamba kaseti ya kumi na moja ilinyamaza kwenye dakika ya 22, laptopu ilikuwa imelala. Nikarudi kwa mzee na kilo ya sukari mkononi. Zima kulala kwa laptopu kwanza, ndipo ubonyeze.